Ukitajiwa Unyevu, Uliza na Joto

(Hotuba niliyoitoa hapa Dodoma mwishoni mwa Septemba, siku wanafunzi walipozindua kituo chao kidogo cha kupimia hali ya hewa. Naiweka yote kwa ajili ya wazazi na walimu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mbukwenyi!

Mmeitikia kama watu wenye njaa. Najua pilau inanukia mpaka hapa. Mbukwenyi tena! Haya, hapo sawa.

Mkuu wa Shule, Mheshimiwa Diwani, walimu, wazazi, wakulima wa zabibu na mahindi mliotoka mbali, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli: itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa. Ikifika saa tisa kasoro dakika tano nitanyamaza hata kama sentensi haijaisha, kwa sababu saa tisa kamili kuna kazi pale kwenye kibanda cheupe, na kazi ile haimsubiri mzee.

Nimepima joto na unyevu wa hewa kwa zaidi ya miaka 30. Watu wakisikia hivyo huniuliza, "Kesho mvua ipo?" Ya kesho sijui. Mtabiri ndiye mtu wa kesho. Mpimaji ni mtu wa dakika hii, na dakika hii ikipita bila kuandikwa, hakuna wa kuirudisha.

Nani hapa amehamia kutoka Dar es Salaam? Naona mikono. Mikono mingi! Mlipofika mlilalamikia nini? Midomo! (Kicheko) Midomo kupasuka, ngozi kupauka kama mtu kapakwa majivu, pua kukauka usiku. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, jirani yangu mwenye duka aliniambia kuwa mafuta ya mgando yanamlipia mtoto ada. Na wahamiaji hao hao wakawa wananiuliza: "Mzee, Dar nilikuwa kwenye nyuzi 30, hapa niko kwenye nyuzi 30. Kwa nini kule nilikuwa nalowa na hapa nakauka?"

Swali hilo ndilo hotuba yangu nzima. Joto na unyevu ni mke na mume. Ukimsikiliza mmoja tu, hujaisikia kesi. Nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kutosha, najua ninachosema.

Tuanze na joto, maana hilo kila mtu anadhani analijua.

Rafiki yangu mmoja, mkulima, alinunua kipimajoto cha kioo akakigongomea nje, kwenye ukuta wa bati unaotazama magharibi. Saa kumi jioni akanipigia simu: "Mzee, njoo uone maajabu, Dodoma imefika nyuzi 48!" Nikamwambia, Dodoma haijafika 48. Bati lako ndilo limefika 48. (Kicheko)

Kipimajoto kinakuambia joto lake chenyewe, basi. Ukikianika juani, kitakuambia jinsi jua linavyokichapa. Ukikigongomea kwenye bati, kitakupa habari za bati. Sisi tunataka habari za hewa, na ili kipimajoto kizijue lazima kiishi na hewa peke yake: jua lisikione, ukuta usikiguse, ardhi isikichome, mvua isikiloweshe, upepo upite.

Ndiyo maana ya kile kibanda. Alikibuni Thomas Stevenson, mjenzi wa minara ya taa za baharini kule Scotland, katika miaka ya 1860, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Ni cheupe ili kirudishe miale ya jua. Kuta zake ni vibao vya mshazari, hewa inapita na jua halipiti. Kina miguu ili vipimajoto vikae kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Na chini yake ni majani. Fundi alitaka kumwaga saruji, akasema pangependeza. Pangependeza kweli, na tungekuwa tunapima joto la saruji.

Asubuhi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniuliza: kwa nini kibanda kina milango miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini? Nilifurahi sana, maana wakubwa wote wamepita pale wakapiga picha wakaondoka. Binti yangu, kule Scotland jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo mlango mmoja wa kaskazini unawatosha. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita kusini kwetu, miezi iliyobaki linapita kaskazini. Kwa mlango mmoja, ungefika msimu ambao kila ukifungua unawaanika vipimajoto juani. Kwa hiyo mnafungua mlango ambao jua halipo.

Na kabla hamjatoa simu mifukoni: zile nyuzi mnazoziona kwenye simu, simu haikuzipima. Ni makadirio ya kompyuta ya eneo zima, yametumwa kwa mtandao. Simu ingepima yenyewe ikiwa mfukoni, ingekupa joto la paja. (Kicheko)

Sasa unyevu. Hapa niruhusuni nikae kidogo, ndipo penye utamu.

Bibi yangu alikuwa na mtungi kwenye kona ya tembe, umekaa juu ya mchanga mbichi. Saa nane mchana, Oktoba, nje hata mbwa hatembei, unachota maji ya mtungi ule mpaka meno yanasisimka. Mimi mtoto niliamini kuna mahali bibi ameficha barafu. Umeme hakuna, friji hakuna kijiji kizima. Baridi ile ilitoka wapi?

Mtungi wa udongo unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye vitundu vyake, yanafika nje, yanageuka mvuke. Na maji hayageuki mvuke bure. Yanadai malipo, na malipo yake ni joto. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na takriban jouli 2,450. Wanafunzi wa fizikia, pigeni hesabu: glasi moja ya robo lita ivukizwe kutoka kwenye mtungi wa lita 20, na joto lote lichukuliwe kwenye maji yanayobaki. Maji yatashuka nyuzi ngapi? Saba! Glasi moja tu, nyuzi saba! Kwa kweli joto jingine linaingia kutoka nje huku hilo likitoka, ila mmeona nguvu yake.

Basi bibi akampelekea shangazi yangu mtungi wa aina ileile, Tanga, kwa basi, umefungwa kwa majani makavu kama yai. Baada ya mwezi barua ikaja: mtungi mbovu, haupozi. Bibi akawaka. Akasema shangazi hajui kuosha mtungi, utelezi umeziba vitundu. Wakanuniana mwaka mzima. (Kicheko) Mtungi ulikuwa mzima, na shangazi alikuwa msafi. Hewa ya Tanga ndiyo iliyokuwa imeshiba mvuke. Na aliyeshiba, hata umkaribishe vipi, atamega tonge mbili tu.

Sasa ingieni nami ndani ya kibanda. Mna vipimajoto viwili mapacha. Mmoja tunamwita kikavu, amekaa vivi hivi. Wa pili tunamwita kibichi. Tumemvisha soksi ya kitambaa cha pamba, na mkia wa ile soksi, yaani utambi, umezama kwenye kikombe cha maji. Huyo wa pili ni mtungi wa bibi! Hewa ikiwa na kiu, maji ya soksi yanavukizwa kwa kasi na kibichi kinashuka. Hewa ikiwa imeshiba, kibichi hakishuki. Tofauti yao ndiyo tunayoitafuta. Tofauti kubwa, hewa kavu. Tofauti ndogo, hewa mbichi. Wakisoma sawasawa, hewa imeshiba kabisa, asilimia 100.

Rudini kwenye nyuzi 30 za wahamiaji wetu. Alasiri ya kiangazi hapa, nyuzi 30 na unyevu asilimia 30, kibichi kitasoma kama 17 na nusu. Pwani, nyuzi 30 zilezile na unyevu asilimia 70, kibichi kitasoma kama 25 na nusu. Hicho ndicho kikomo cha mtungi: hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kuyapoza maji yakawa baridi kuliko kipimajoto kibichi. Na mwili wako je? Mwili wako ni mtungi vilevile. Jasho la Dar linatiririka kwa sababu halipati pa kwenda. Jasho la Dodoma linavukizwa kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho, ukasahau kunywa maji, jioni kichwa kinakugonga unasema umerogwa.

Sasa niungame. Nikiwa bado kijana kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, huku huku kanda ya kati, mwezi kama huu, upepo wa vumbi umevuma siku tatu. Saa tisa alasiri nikafungua kibanda. Kikavu, 31. Kibichi, 31. Nikafungua jedwali la kugeuza namba hizo mbili kuwa unyevu: asilimia 100. Nikaandika. Nikatuma. Hazikupita dakika kumi, simu ya ofisini ikalia: "Kijana, huko Septemba saa tisa mchana mmeingia kwenye ukungu?" Nikakimbia kibandani. Kikombe kimekauka, utambi mgumu kama kamba ya katani. Nilikuwa na vipimajoto vikavu viwili, na akili kavu ya tatu. (Kicheko, makofi)

Kwa hiyo nyinyi mtakaokuwa zamu: macho kwenye kikombe kabla ya macho kwenye kipimajoto. Maji ya visima vyetu yana chumvi, mnaliona lile ganda jeupe kwenye birika za mama zenu. Ganda lilelile likikaa kwenye utambi, kibichi kinaanza kudanganya. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yale maji yaliyosafishwa ya kuongezea kwenye betri za magari. Maji, nimesema. Asidi hapana! Utambi mnabadilisha kila wiki, kwa vumbi hili msiniambie mwezi.

Na jedwali la kusomea liwe la mwinuko wetu. Tuko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kikavu 30, kibichi 20: jedwali la pwani litawapa asilimia 39, na jibu letu ni kama 41. Mbili tu? Ndiyo, mbili tu, kila siku, kwa miaka yote ambayo wadogo zenu watasoma madaftari haya.

Njia nyingine za kupima zipo. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitumia unywele wa binadamu, akaandika habari zake mwaka 1783: unywele hurefuka hewa ikiwa mbichi, hufupika ikikauka, tofauti ya kama asilimia 2 tu ya urefu wake. Kina dada mnaopasi nywele Dodoma mkashukia Tanga, hamhitaji maelezo. (Kicheko) Siku hizi kuna vihisi vya umeme, vidogo kuliko kucha. Ni vizuri. Lakini kihisi kikikosea kinakosea kimyakimya, na utambi mkavu unauona kwa macho.

Sasa hiyo asilimia. Hapa ndipo wengi wanapopigwa.

Nikiwaambia asilimia 60 ya watu wamekuja mkutanoni, mtaniuliza nini? Kati ya wangapi! Mbona kwenye unyevu hamuulizi? Mita moja ya ujazo, yaani sanduku la mita moja kila upande, kwa nyuzi 10 haiwezi kuwa na mvuke zaidi ya gramu 9 na kidogo. Kwa nyuzi 20, gramu 17. Kwa nyuzi 30, gramu 30. Joto likipanda nyuzi 10, kikomo kinakaribia kuwa mara mbili. Ni debe linalotanuka.

Chukueni alfajiri ya Machi, mvua zimenyesha. Nyuzi 20, majani yameloa, hewa imeshiba: asilimia 100, gramu 17. Saa nane mchana ni nyuzi 30. Hakuna aliyechota, hakuna aliyeongeza. Gramu zilezile 17, ila sasa ziko kwenye debe la 30. Ni zaidi kidogo ya nusu. Redio inasema unyevu umeshuka, na jirani anasema hewa imekauka. Imekauka wapi? Maji ni yaleyale! Debe ndilo lililokua.

Mwalimu wa fizikia ananikunjia uso pale. Najua, mwalimu. Hewa "haibebi" mvuke kama punda. John Dalton alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mvuke ungefika kiwango kilekile hata ndani ya chupa isiyo na hewa. Joto ndilo linaloamua. Debe ni la mfano. Nimeungama mara ya pili leo, tuendelee.

Je, debe likisinyaa? Hewa ya gramu 17 ikipozwa mpaka nyuzi 10, debe ni la gramu 9. Gramu 8 zitakwenda wapi? Kuna mkulima wa Kongwa, sitamtaja kwa kuwa yupo hapa (kicheko), alivuna mahindi mwezi wa tano akayajaza ghalani haraka, maana bei ya soko la Kibaigwa ilikuwa haijamridhisha. Usiku, chap, chap, chap. Paa linavuja. Akaita fundi, fundi akapaka lami kwenye misumari. Usiku uliofuata, chap, chap. Akaita fundi wa pili. Kisha akaniita mimi. Nikamuuliza: mvua imenyesha lini mara ya mwisho? Akafikiri. Wiki tatu zilizopita.

Wiki tatu bila mvua na paa linavuja! Mahindi hayakuwa yamekauka. Mchana ghala likipata joto, yalikuwa yanatoa mvuke kwa wingi. Usiku bati, chini ya mbingu isiyo na wingu, linapoa kuliko hata hewa yenyewe. Mvuke unaogusa bati unakuta debe limesinyaa, unageuka maji, unarudi juu ya magunia. Ni umande, ndani ya nyumba. Kila hewa ina nyuzi zake ambazo ikipozwa kufikia hapo inaanza kumwaga. Tunaziita kiwango cha umande, na hizo hazidanganyi kama asilimia. Mwingereza John Frederic Daniell alitengeneza chombo cha kuzipima mwaka 1820. Nyinyi tumieni kikombe cha bati: maji, kipande cha barafu, kipimajoto, koroga taratibu. Nyuzi zinazosomeka pale kikombe kinapoanza kupata ukungu kwa nje ndizo zenyewe. Soda iliyopozwa mpaka nyuzi 15, kwenye ile hewa yetu ya asilimia 30, chupa inabaki kavu, maana kiwango chetu cha umande ni kama 10 na nusu. Pwani, kwa ile asilimia 70, ni kama 24. Chupa inalia machozi mezani.

Wakulima, hili la mwisho ni lenu, na sitalifanyia mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo ya kuvu haina uchungu wala harufu. Kuvu hustawi pale joto na unyevu vinapokutana ndani ya gunia, na hewa iliyo kati ya punje nayo ina asilimia yake kama hii ya nje.

Kipimo mnacho jikoni. Chumvi. Chumvi huanza kunyonya maji hewa inapopita asilimia 75 hivi, ndiyo maana ya pwani hugandamana na ya huku humwagika kama mchanga. Chukua chupa ya kioo, safi, kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, jaza mahindi mpaka theluthi, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15. Rudisha juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiponata umevuka mto wa kwanza tu, kwa kuwa ya kuweka muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi 13 na nusu. Na chupa haioni sumu. Mahindi yaliyokwisha kupata sumukuvu shambani, hata yakauke kama kokoto, yana sumu.

Mama mmoja pale mbele anaangalia saa yake. Ahsante, mama. Tisa kasoro dakika tano.

Wa zamu leo ni yule binti wa milango miwili. Kikombe umekiangalia? Kina maji? Utambi? Vizuri. Jua bado liko kaskazini kwetu, basi fungua mlango wa kusini. Kila mmoja akiwa njiani akisie namba mbili kimoyomoyo, kikavu ngapi, kibichi ngapi, na msimpumulie kwenye vipimajoto.

(Kwa ambao hamkuwepo: kikavu 29.4, kibichi 18.2. Binti alipitisha kidole kwenye jedwali mara mbili, akaandika asilimia 35. Diwani alikuwa amekisia 80.)